Leja Iwe Mezani, Mzigo Ubaki Ghalani

Habari za mchana. Asanteni kwa kubaki. Joto la Tabora mwezi huu wa Oktoba, saa nane mchana, si la kusikiliza habari za kompyuta.

Juzi mmoja wenu kaniletea lalamiko. Folda yake iko kwenye hifadhi ya wingu huko Cape Town, ina faili 10,000, na kuifungua kunachukua zaidi ya robo saa. "Mwalimu, tununue bando kubwa zaidi." Bando halina kosa hapa.

Hifadhi za aina ya S3, hifadhi ya wingu ya Amazon iliyoanza mwaka 2006, hazina folda kama za diski yako. Ukiona "ripoti/2024/", hizo ni herufi tu ndani ya jina la faili. Programu inayoifanya hifadhi ionekane kama diski ndiyo inayohangaika kuuliza: upo? una ukubwa gani? ulibadilishwa lini? Tuseme kila swali, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100. Zidisheni kwa 10,000: sekunde 1,000, karibu dakika 17. Na hapo hamjashusha hata faili moja.

Karani wa ghala la tumbaku hapimi robota upya kila anapoulizwa uzito. Anafungua leja. Leja hiyo kwetu ni kashe ya metadata: nakala iliyo karibu nawe ya maelezo ya faili, yaani jina, ukubwa na tarehe, si faili zenyewe.

Tena kuijaza ni rahisi mpaka inakera. Ukiomba orodha, S3 inaleta hadi majina 1,000 kwa ombi moja, kila jina na ukubwa na tarehe yake. Maombi kumi tu yanatosha! Ile programu ya mwenzenu ilikuwa inachukua majina, inatupa mengine yote, halafu inarudi kuuliza faili mojamoja.

Wengi husahau jibu la "haipo". Lugha ya programu ya Python, ikitafuta moduli, yaani faili la msimbo inalolihitaji, hubisha hodi folda kadhaa; zikiwa kwenye wingu, kila "hakuna" ni safari nzima ya Cape Town. Litunzeni nalo, ila kwa muda mfupi: mwenzako wa Kigoma anaweza kuiandika faili hiyo sasa hivi, wewe ukabaki unaapa haipo. Tangu Desemba 2020 S3 yenyewe haikupi orodha iliyopitwa na wakati; atakayekudanganya ni kashe yako. Na maelezo ya faili zilizopo je? Gcsfuse, programu ya Google ya kuifanya hifadhi yao ya wingu ionekane kama diski, kwa kawaida huanza kwa kuyatunza sekunde 60. Kwa ripoti za mwaka jana, zisizoguswa na mtu, mimi ningeweka siku nzima.

Haya, dada wa pale dirishani, ifungue tena ile folda, tuhesabu sekunde pamoja.