Bendera ya 9 Desemba kwa mikono ya watoto: msipake rangi, bandikeni

Habari zenu huko nyumbani, karibuni tena mezani. Huku Ujerumani saa kumi jioni mwezi wa Desemba giza limeshaanza kuingia, kwa hiyo hiyo taa mnayoiona hapo juu isiwashangaze. Leo ni kazi ya wazazi, mashangazi, wajomba na walimu wa chekechea: bendera ya Tanzania na mwenge wa karatasi kwa ajili ya 9 Desemba, siku ya uhuru wa Tanganyika, kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba.

Nianze na kosa, maana ndilo linalofanya watu waseme bendera yetu ni ngumu. Mtu anachukua karatasi nyeupe, anachora bendera kwa penseli, kisha anampa mtoto wa miaka minne brashi na rangi za maji. Baada ya dakika kumi nyeusi imeingia kwenye njano, njano imekuwa matope, karatasi imelowa na kutoboka, na mtoto ananuna. Hana kosa. Michirizi ile ya njano ni myembamba, na njano ndiyo rangi dhaifu kuliko zote nne, ikiguswa na nyeusi kidogo tu imekwisha. Kwa hiyo leo hatupaki kitu. Tunabandika, rangi juu ya rangi, tukianzia chini.

Chukueni karatasi za manila za A4: bluu mbili, kijani moja, njano moja, nyeusi moja. Hizo tano zinatoa bendera mbili za pande mbili, na vipande viwili vyeusi vinabaki. Bendera ya Tanzania ni mbili kwa tatu, yaani urefu ni mara moja na nusu ya kimo. A4 haina uwiano huo, ni sm 21 kwa 29.7, na ndiyo maana bendera za shuleni mara nyingi huonekana fupi na nene. Sisi tunakata sm 12 kwa 18. Kila karatasi ya bluu inatoa vipande viwili vya kipimo hicho, na hivyo ndivyo vitako vyetu.

Mtanisema mbona ndogo. Jaribuni sm 18 kwa 27 muone: kutoka kona hadi kona ni zaidi ya sm 32, na mkanda uliokatwa kwenye A4 unaishia 29.7. Unapungukiwa karibu sm 3, unaanza kuunga viraka. Kwenye 12 kwa 18, mshazari ni kama sm 21.6 tu, mkanda unatosha na kubaki.

Kijani nacho kikate 12 kwa 18, vipande viwili, halafu kila kimoja ukipasue kona kwa kona. Umepata pembetatu nne. Njano: mikanda minne ya upana wa sm 5, kwa urefu wote wa karatasi. Nyeusi: mikanda ya sm 3.5. Kazi hii ya rula ni ya mtu mzima, ifanyeni usiku watoto wamelala. Pembetatu ya kijani mwachieni mtoto wa miaka mitano au sita aipasue mwenyewe kwa mkasi, hata akienda kombo kama nusu sentimita. Ukingo wake utafichwa na mkanda wa njano, hakuna atakayeuona. Huo ndio uzuri wa kubandika.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Kabla ya kugusa bluu, tunabandika mkanda mweusi juu ya wa njano, vyote vimelala kwenye meza. Mtoto atajuaje kwamba yuko katikati? Anaweka penseli juu ya ukingo wa njano, anasukuma mkanda mweusi mpaka uguse penseli. Upande wa pili akiona nao umebaki unene wa penseli, kazi imekwisha. Hiyo ni kama milimita saba na nusu kila upande. Umeona? Hakuna rula wala kuchungulia kwa jicho moja.

Halafu mkanda huo wenye rangi mbili unabana ncha zake tu, hii na hii, uukunje katikati kidogo kwa vidole upate mstari. Usikunje mkanda mzima, nyeusi ikivunjika katikati inabaki na kovu.

Kitako cha bluu kimelala mbele yako. Pembetatu ya kijani ikae juu kushoto. Sasa mkanda: mstari ule uliobana ncha moja upite juu ya kona ya chini kushoto, na wa ncha nyingine juu ya kona ya juu kulia. Bandika. Ncha zitatokeza nje pande zote mbili, ziacheni. Geuza bendera kifudifudi, na kwa nyuma ukingo wa bluu unaonekana vizuri, mkasi unaufuata tu. Mkikata kwa mbele mnabahatisha.

Ikaguliwe kwenye zile kona mbili. Kwenye ncha kabisa lazima iwe nyeusi, na njano ipite ubavuni mwake huku na huku. Kona ikiwa ya njano, mkanda umeteleza. Kama gundi bado mbichi, vuta taratibu.

Nije kwenye kosa la pili, ambalo hata bendera za kununua huwa nalo. Ukitaka bendera ya kupepea, ina pande mbili, na watu wanatengeneza pande mbili zinazofanana kabisa, wanazibandika mgongo kwa mgongo. Ukiigeuza, kijani kimehama, kiko mbali na kijiti. Si sahihi. Bendera ni kitambaa kimoja, na mtu aliyesimama upande wa pili anaona ileile, ila mlingoti kwake uko kulia. Kwa hiyo uso wa nyuma unatengenezwa kinyume: kijani juu kulia, mkanda unapanda kutoka chini kulia kwenda juu kushoto. Wafundisheni watoto hivi: kijani hushika mti, bluu hupepea. Bluu haigusi kijiti kabisa, upande wowote unaotazama.

Hapo kuna mtego mdogo wa karatasi. Manila ina rangi pande zote mbili, kwa hiyo pembetatu ukiigeuza tu imekuwa ya uso wa nyuma. Karatasi za kung'aa zenye rangi upande mmoja, nyuma nyeupe, hazigeuki. Kwa hizo, kipande cha pili cha kijani kipasueni kwa kona zile nyingine mbili.

Kijiti ni cha mishikaki. Kateni ile ncha kali, sm 2 zote zitoke, kabla hakijafika mkononi mwa mtoto. Kinalala katikati ya nyuso mbili, ukingoni, gundi inapakwa juu yake kwa wingi, kisha mnabana kwa vibanio vya nguo nusu saa. Jina la mtoto liandikwe kwenye kijiti kwa utepe, si juu ya bendera.

Gundi. Ile nyeupe ya maji inakunja karatasi, kwa sababu unyevu unatanua upande mmoja, ukikauka unavuta, bendera inajikunja kama jani la mgomba juani. Gundi kavu ya kijiti, ile inayozungushwa kama lipstiki, ndiyo nzuri hapa. Kama haipo, pikeni gundi ya unga: vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano, nusu kikombe cha maji baridi, korogeni mpaka mabonge yaishe ndipo mbandike motoni. Moto mdogo, dakika mbili tatu, ikiwa kama uji mzito ipueni na ipoe kabisa. Mkitia unga kwenye maji ya moto mtapata mabonge, na kila bonge ni kinundu chini ya bendera. Ipakwe nyembamba, bendera ilale usiku kucha kati ya karatasi mbili kavu, juu yake kitabu kizito. Na msizihifadhi kabatini jikoni, mende wanaila gundi hiyo kama chakula chao.

Mtoto wa miaka mitatu mkanda wa mshazari utamshinda, msimlazimishe. Mpeni bendera ya Tanganyika, na kwa siku hii ndiyo hasa inayostahili, maana ndiyo iliyopandishwa mwaka 1961: kitako cha kijani, mkanda wa njano umelala katikati, mweusi juu yake. Kila kitu kimenyooka. Mkubwa akiuliza bluu ilikwenda wapi, mwambieni ilikuja na Zanzibar baada ya Muungano wa Aprili 1964, na bendera ya sasa ikaanza kutumika 30 Juni mwaka huohuo. Kijani ni mimea, njano madini, nyeusi ni sisi watu, bluu ni maji, bahari na maziwa na mito.

Mwenge ni wa haraka. Usiku ule wa uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka kileleni Kilimanjaro, kilele ambacho hawa wenyeji wangu wa huku walikuwa wamekiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, na leo ni Uhuru. Chukueni kiboksi cha ndani cha karatasi ya chooni, kile cha mviringo kama bomba, kizungushieni manila nyeusi. Halafu karatasi laini zile za kufungia zawadi, nyekundu, ya chungwa na ya njano, kila moja sm 20 kwa 20. Nyekundu iwe chini, ya chungwa juu yake, njano juu kabisa, na kila moja izungushwe kidogo ili pembe zisilaliane. Shikeni katikati kwa chini, ziinueni zote kama unafunga karanga, mkia uzamishwe ndani ya kiboksi. Njano itabaki ndani na nyekundu nje, kama moto. Mkianza na njano chini mmetengeneza ua. Mkia usisokotwe sana, ukisokotwa unajifungua wenyewe na kuruka nje. Sm 4 zilizopakwa gundi zinatosha.

Huku Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, watoto wa chekechea hutembea jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, nyingi siku hizi zina taa ndogo ya betri badala ya mshumaa. Wazo hilo linafaa kwa mwenge: taa ndogo iwekwe kwanza mdomoni mwa kiboksi, ndimi zibandikwe kuizunguka. Mshumaa hapana, karatasi laini inashika moto mara moja. Na taa iwe ile ambayo mfuniko wa betri unafungwa kwa skrubu. Betri zile bapa kama kifungo mtoto akimeza zinaunguza koo kwa ndani, ni hospitali moja kwa moja.

Ya mwisho ni kwa walio nyumbani hasa, maana mna sokoni vitu ambavyo mimi huku nahangaika kuvipata. Bendera ya nafaka, juu ya boksi gumu. Kijani ni choroko. Njano ni choroko hizohizo zilizokobolewa. Nyeusi ni mbegu za papai, bure kabisa, ila zisuguliwe kwenye chujio mpaka ule utando wa ute utoke, zianikwe siku mbili. Zikibandikwa na ute wake zinaota ukungu. Bluu ndiyo shida, hakuna nafaka ya bluu sokoni kwetu. Tieni kikombe cha mchele kwenye mfuko wa plastiki, kijiko cha chai cha siki, matone 10 hadi 15 ya rangi ya chakula ya bluu, fungeni, mtoto atikise mpaka achoke. Uanikwe kwenye sinia kwa muda wa saa mbili. Hapa gundi nyeupe ya maji ndiyo inayotakiwa, nzito, rangi moja kwa wakati, na ianze njano, kwa sababu mbegu za papai zikimwagika kwenye gundi mbichi mtazitoa moja moja kwa kijiti cha meno. Walio chini ya miaka mitatu wasikae kwenye meza hii. Choroko na pua ya mtoto wanajuana sana.