Mgeni wa Usiku Mmoja Si Mpangaji

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa Mbeya, mugonile. Nanyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Iringa na Njombe, kamwene.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Isyesye alinipigia simu. Ana kinyumba cha vyumba viwili uani, mpangaji amehama, na mwanawe anamshauri akiweke Airbnb, ile tovuti ya kutafutia wageni wa siku chache. Akaniuliza, "Mwanangu, kodi ninayolipa serikalini itabadilika?" Nikamjibu: mama, si kodi tu. Hapo unabadilisha kazi.

Ukipangisha kwa mwaka, wewe ni mwenye nyumba. Mpangaji analipa miezi sita mbele, ananunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwenyewe, analalia mashuka yake. Akiwa kampuni, anakata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa, anaipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, nawe unadai cheti chako. Lakini ukimlaza mtu usiku mmoja, ukamtandikia kitanda na kumpa taulo, hiyo ni biashara ya malazi. Awe amekupata kwenye tovuti kama Booking.com au ameelekezwa na dereva wa bajaji, ni biashara ile ile. Inataka TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya biashara, leseni ya halmashauri, ambayo siku hizi inaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa Tausi, na kitabu cha wageni.

Kitabu hicho msikidharau. Sisi tuko kwenye barabara ya Tunduma. Leo unamlaza Mzambia, kesho Mkongo, keshokutwa Mmalawi. Andika jina, namba ya kitambulisho au pasi, anatoka wapi, anakwenda wapi, ameingia lini na ametoka lini. Askari akigonga saa tano usiku, kitabu ndicho kitakachokusemea. Ila kupiga picha vitambulisho vya watu na kuviacha vikizagaa kwenye simu, acheni. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za mgeni umekabidhiwa, si zako. Na wewe unayetaka kuongeza vyumba vinane uani, soma hati yako kwanza. Kama kiwanja ni cha makazi, onana na afisa mipango miji kabla hujamwita fundi.

Sasa kodi. Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100 anatozwa kwa kuangalia mauzo, na analipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka wangu wa kwanza wa kulaza wageni niliuza kama milioni 6. Sikuwa na daftari, sikuwa na risiti. Nikalipa 100,000. Ningekuwa na kumbukumbu, ningelipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Mkiona tofauti hiyo ya 40,000 ni ndogo, pandeni ngazi: kwenye mauzo ya milioni 9, asiye na kumbukumbu anatozwa 250,000, mwenye nazo 150,000. Laki nzima, kwa sababu ya daftari tu! Hili linaniuma, maana wengi wetu hatukwepi kodi. Tunalipa zaidi ya tunachodaiwa.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itakuhusu mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo wengi humu ukumbini hatujafika huko. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji alikuwa anakatwa yeye. Mgeni wa usiku mmoja hanunui umeme, kwa hiyo inakurudia wewe. Halmashauri nayo ina ushuru wake wa nyumba za wageni. Viwango hivi vinaguswa na Sheria ya Fedha, inayopitishwa Juni na kuanza kazi Julai mosi, kwa hiyo kila Julai pita ofisini uulize upya.

Nimekuja na daftari langu, nawasomea mwezi mmoja. Machi: usiku 9 kwa 45,000, jumla 405,000. Dada wa usafi 90,000. Intaneti 50,000. Umeme 42,000. Chai, sabuni na gesi 38,000. Kufulia 27,000. Maji 12,000. Zimebaki 146,000, na tovuti haijakata kamisheni yake. Jirani yangu amepangisha nyumba kama hiyo kwa 250,000 kwa mwezi, na usiku analala. Agosti mambo yaligeuka: Nane Nane pale viwanja vya maonesho vya John Mwakangale ilinijazia, nikauza usiku 22. Lakini Agosti iko moja tu. Anayekuuzia wazo hili atakupigia hesabu ya usiku 30. Wewe hesabu usiku mtupu kwanza. Na baridi yetu ya Juni na Julai, hita ya maji inakula umeme kuliko mgeni anavyokula chai.

Mkitaka maoni yangu, msikope benki kwa ajili ya watalii wa Hifadhi ya Kitulo au Ziwa Ngozi. Wanakuja, lakini wengi wanapita. Aliyeniokoa mimi ni mgeni wa wiki mbili tatu: ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Rufaa, mhandisi wa mradi, mzazi aliyekuja kwenye mahafali ya MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akabaki kidogo. Huyo hataki bwawa la kuogelea. Anataka jiko, blanketi mbili na maji ya moto saa kumi na moja alfajiri.

Yule mama wa Isyesye tulikaa naye tukapiga hesabu hizi hizi kwenye karatasi. Chumba kimoja amempangisha mwalimu kwa mwaka mzima. Cha pili amekiacha cha wageni, na Jumatatu anafuatilia leseni.

Karibuni kwa maswali. Daftari liko hapa mezani. Anayetaka kunakili mistari yake na anakili.