Gonga Boriti Kabla ya Kutoa Arubuni: Mazungumzo kuhusu Kununua Nyumba ya Kale Lamu

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliorudi kutoka Mombasa, Nairobi na Uarabuni mkiwa na akiba zenu mkononi, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta nyumba za mawe hapa mjini kwetu. Mimi si fundi wala si wakili. Ni mwalimu mstaafu niliyezunguka vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale hapa Lamu, miaka miwili na nusu nikitafuta nyumba, na nyumba niliyoipata ndiyo ninayolala mpaka leo. Mambo niliyojifunza nilifunzwa na nyumba ambazo sikuzinunua.

Ya kwanza ilinichukua moyo mara moja. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe juzi yake tu, harufu bado mbichi. Dalali alibaki nje dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni, akizungumza na simu, mimi nikaingia na fundi wangu, mzee wa kazi ya chokaa. Nilikuwa nimeshaamua kitanda kitakaa wapi. Mzee hakutazama ukuta hata kidogo. Alivuta kigoda, akapanda, akachomoa kisu, akakigeuza akawa anagonga boriti kwa mpini, moja baada ya nyingine, pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani. Ko. Ko. Ko. Ya nne ikaitika bu. Akageuza kisu, akachomeka ncha, kikazama mpaka kwenye mpini kama kinaingia papai bivu. Katikati boriti ile ilikuwa ngumu, imepakwa rangi nyeusi na nyekundu ya zamani, nzuri kuitazama. Kichwa chake kilikuwa unga. Mzee akashuka, akapangusa kisu kwenye kikoi, akaniambia, "Mwalimu, dari hii imesimama kwa mazoea."

Nikamuuliza imekuwaje boriti ya mkoko, mti unaoishi ndani ya maji ya chumvi, ikaoza. Akanichukua nje, upande wa kichochoro, akanionyesha ukuta. Mwenye nyumba alikuwa ameondoa chokaa ya zamani akapiga plasta ya simiti. Nia yake ilikuwa njema, alitaka ukuta uwe imara.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo nyumba nyingi za mji huu zinapofia. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Tanuri lake wengi mmeliona: magogo yanapangwa duara, mawe yanalundikwa juu, moto unatiwa, kisha mawe yaliyoiva yanamwagiwa maji yanapasuka kuwa unga. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji na kuyatoa. Masika unalowa, kaskazi unakauka, na umefanya hivyo miaka mia mbili bila kuchoka. Ukiuvika simiti umeuziba pua. Maji yanapanda kutoka ardhini au yanapenya juu kwenye ufa wa dari, yanakosa pa kutokea, yanatafuta njia ya upande wa ndani, na njiani yanakuta kichwa cha boriti. Mkoko mkavu una nguvu kweli na mchwa hauupendi, lakini mkoko unaolala ndani ya ukuta usiokauka hauna ujanja. Pamoja na maji kuna chumvi. Chumvi ikikauka inakuwa punje, punje zinasukuma plasta, plasta inavimba na kubanduka. Mwenye nyumba anaona plasta imetoka, anaita fundi aongeze simiti.

Kwa hiyo ukiingia nyumba usiyoijua, weka kiganja ukutani chini, usawa wa goti. Ukiona unga mweupe umetoka kama maua, gusa, weka ulimini. Ni chumvi. Ukiona ukuta mmoja umepakwa rangi mpya na mingine mitatu haikupakwa, uliza huo mmoja unaficha nini. Na ukiweza, usiende kuangalia nyumba mwezi wa Januari, jua kali na upepo mzuri, kila nyumba ni nzuri Januari. Nenda Mei, mvua inanyesha, usimame sebuleni ukimya usikilize maji yanapita wapi. Panda juu utazame kama mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya dari, unatema maji mbali na ukuta au unaulambisha. Na dari la juu liangalie unene wake pale kwenye tundu la ngazi. Dari za zamani zilitengenezwa kwa kokoto na chokaa, zikatwangwa kwa siku nyingi. Kila ilipovuja, watu wa baadaye waliongeza tabaka jingine juu ya la kwanza. Kuna dari zimebeba uzito ambao boriti zake hazikupangiwa.

Sasa nije kwenye yale mambo ambayo wanunuzi wengi huyaita kasoro. La kwanza ni wembamba wa vyumba. Mtu anaingia anakuta chumba kirefu kama ukumbi lakini upana wake ni mita mbili na nusu, tukizidisha sana tatu. Anauliza, "Hawa wazee wetu walikosa nafasi?" Hawakukosa. Boriti ndiyo inayoamua. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari la mawe haufiki mbali zaidi ya hapo, basi kila chumba katika mji huu kimepimwa na msitu wa mikoko. Kijana mmoja wa familia yetu alinunua nyumba, akataka sebule pana ya kuweka makochi, akavunja ukuta kati ya misana miwili, yaani vile vyumba virefu vinavyofuatana kutoka uani. Ukuta ule ndio uliokuwa umelaza vichwa vya boriti za pande zote mbili. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini dari lilishuka kwa usiku mmoja, na mpaka leo pale pameegemezwa kwa miti.

La pili ni sakafu. Ukitoka kiwandani, yaani ua wa ndani, ukaingia msana wa kwanza unapanda kidato. Ukienda msana wa pili kidato kingine. Chumba cha ndani, kingine tena. Wageni hujikwaa wakalalamika, na wapo waliomwaga zege sakafu ikawa sawa nyumba nzima. Mimi nilikaa usiku mmoja katika msana wa nyumba yangu, taa iko ndani kabisa mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikatazama kutokea kiwandani. Nyumba ilikuwa inaniinukia. Kila kidato kinakutoa ulimwengu wa watu na kukupeleka kwenye faragha: daka kwa mpita njia, tekani, yaani njia ya kuingilia, ambayo imepindishwa ili anayechungulia mlangoni asione ndani, kiwanda, misana, ndani, na nyuma yake nyumba kati, ambamo wanawake walizalia na maiti walioshwa. Nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla chetu. Ukisawazisha sakafu umefuta maandishi hayo, na maji ya kiwandani, ambayo yalizuiwa na kidato, sasa yanakufuata mpaka kitandani.

Zidaka sitazisemea sana, kila mtu anazijua kwa picha. Nitasema hivi tu: ni chokaa iliyochongwa kwa mkono, safu juu ya safu, kwa ajili ya sahani za China na vyombo vya thamani. Nimeiona nyumba ambayo safu mbili za katikati zilikatwa ili televisheni ienee. Niliumia, na sitaficha kwamba niliumia. Fundi wa kuzirudisha yupo, lakini wanahesabika, na kazi yake haiendi kwa haraka ya mkandarasi.

Chooni mtakuta birika la mawe, yaani tangi la maji, na nyumba nyingine kuna bakuli la kaure limejengewa ndani yake, kwenye sakafu. Mnunuzi mmoja aliniuliza kama ni pambo. Zamani humo waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki wanakusanyika kwenye bakuli mpaka birika lijazwe tena. Jamani, mji wenye joto na maji yaliyosimama, bila dawa, bila chandarua chenye dawa. Walifikiri!

Nije kwenye wikio, na hapa ndipo mambo ya ujenzi yanapokuwa mambo ya watu. Mnavijua vile vyumba vinavyopita juu ya kichochoro, chini watu na punda wanapita. Baba alikuwa akimwozesha binti yake humpa nyumba, au humjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi. Nyumba ilikuwa ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Binti wa pili akiolewa na nafasi imekwisha, nyumba inavuka barabara kwa juu, na mama, dada na mashangazi wanatembeleana bila kutoka nje.

Haya, leo nyumba ya upande huu inauzwa, ya upande ule haiuzwi. Wikio ni la nani? Nilikuta nyumba ambayo chumba chake kizuri kuliko vyote, chenye upepo wa bahari, kilikuwa juu ya wikio, na mlango wake upo upande wa muuzaji, lakini boriti zake zimelala kwenye ukuta wa jirani. Muuzaji akasema, "Ni changu." Jirani, mama mtu mzima, akanikaribisha kahawa, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, chumba kile alijengewa marehemu dada yangu." Wote wawili walikuwa wakweli. Hakuna karatasi iliyoweza kuamua, kwa sababu wakati wa kujenga haikuhitajika karatasi.

Na warithi. Nyumba ya pili niliyoipenda, dalali alinihakikishia kwamba mwenye nyumba ni mmoja. Nilitoa arubuni, yaani malipo ya kushika nyumba. Baadaye nikapigiwa simu kutoka Muscat, kisha kutoka Malindi, kisha kutoka Mombasa. Tulipomaliza kuhesabu, warithi walikuwa kumi na mmoja, na mirathi ya babu yao haikuwahi kugawanywa. Arubuni yangu sikuiona tena. Simlaumu mrithi hata mmoja, haki yao ilikuwa mbele ya yangu. Ila nawaambia, kabla hujapima chumba, kaa dakani na wazee wa mtaa jioni mbili tatu, uliza nyumba ilikuwa ya nani, alizaa watoto wangapi, wa mama gani, wako wapi. Kisha ndio uende kwa kadhi na kwenye ofisi ya ardhi. Wenzetu wa Unguja wana swali jingine la kuanzia: Mji Mkongwe kuna nyumba za serikali tangu baada ya mapinduzi ya 1964, kuna za wakfu, kuna za watu binafsi, na mara nyingine nyumba mbili zilizogusana ukuta hazina mwenye namna moja.

Sheria nitaipita haraka. Mji wetu ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Maana yake kwako mnunuzi ni kwamba huwezi kuvunja, kuongeza ghorofa wala kubadilisha dirisha la mbele bila kibali. Wapo wanaolichukia jambo hilo. Mimi nimekaa upande wake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa, na lile ni jengo linalojulikana dunia nzima. Nyumba yako ya kichochoroni ikilegea, nani ataijua mapema zaidi ya jirani na ofisi ya hifadhi? Na kwa wasio raia, Katiba ya 2010 inawapa umiliki usiozidi miaka 99. Ninalitaja kwa sababu nyumba nyingi zimeuzwa kwa wageni, na baadhi yao, niseme haki, wamezitengeneza kwa chokaa vizuri kuliko sisi tulivyokuwa tukifanya. Linaloniuma ni mwenyeji anayeuza nyumba ya bibi yake kwa kuona aibu ya wembamba wake, kisha anakwenda kujenga ya matofali ya simiti isiyo na kivuli, analala feni zimewaka usiku kucha.

Kwenye bajeti yako tia punda. Kichochoro hakipitishi gari, basi kila jiwe, kila gunia la mchanga, kila debe la kifusi litabebwa na punda kutoka gatini mpaka mlangoni, na kifusi kitarudi kwa njia hiyohiyo. Mimi nilisahau kifusi. Nilipokwangua simiti yote ukutani, lundo lilijaa kiwanda, na kulitoa kulinigharimu mwezi mzima na subira ya majirani.

Ndiyo, niliikwangua. Nyumba niliyoinunua hatimaye haikuwa nzuri. Ilikuwa na choo kimeziba, popo juu, na ukuta wa mashariki uliotoka jasho. Lakini mzee alipogonga, boriti zote za chini ziliitika ko, na za juu tatu tu ziliitika bu. Tulibadilisha hizo tatu. Ukuta wa mashariki tuliuacha uchi, mawe nje, kwa misimu miwili, ukatema chumvi mpaka ukachoka. Majirani walidhani pesa zimeniishia. Kisha ndipo tukaupaka chokaa.

Mzee bado anafanya kazi, ingawa kigoda sasa anapandia mjukuu wake. Kesho baada ya Alasiri watakuwa kwangu wakitengeneza ngazi ya juu, nami nitakuwa dakani. Anayetaka kujifunza kugonga aje, na mwenye tochi aje nayo, maana kule chini ya ngazi hakuna mwanga.