Wimbi la Joto Ndani ya Rezini: Kijazio si Unga wa Kubana Gharama

Mhadhara kwa walimu wa sayansi na mafundi wa boti, Ujiji, Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Mafundi wa boti za faiba, rezini mnaijua, yale majimaji mazito yanayogandishwa kuwa ubavu wa boti. Ukizidisha hadena, dawa ya kuigandisha, kwenye ndoo inachemka, inafuka moshi, inapasuka. Joto hilohilo linaweza kutumwa kazi, na wanasayansi wa Kisovieti walilionyesha mwaka 1972. Unapasha ncha moja tu. Pale monoma, molekuli ndogo za rezini, zinaungana kuwa polima, minyororo mirefu, na kutoa joto, joto linaamsha tabaka la jirani, nalo linaamsha la mbele yake. Wimbi linajiendea lenyewe, mara nyingi sentimita chache kwa dakika, kama moto wa nyika wakati wa kiangazi, ila halina mwali.

Sasa tia unga. Wengi hudhani kijazio, yaani unga au nyuzi zinazochanganywa na rezini, ni cha kubana gharama, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Punje ya kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, inanywa joto na haitoi lolote. Wimbi linapoa, linapunguza mwendo. Ukizidisha, linafia njiani, kama moto ukifika penye mawe. Nyuzi za kaboni nazo zinanywa joto, lakini zinalikimbiza mbele, hivyo zinaweza hata kuongeza kasi. Kabla ya kuuliza bei ya kijazio, uliza kinalifanyia nini joto.

Kinachonivutia zaidi ni silika laini mno, unga wa kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Asilimia chache tu zinageuza majimaji kuwa uji mzito. Bila uji huo, wimbi likiwashwa kutoka chini, majimaji ya moto yanapanda na kupenya yale ya baridi, kama maji sufuriani. Joto linatawanyika, wimbi linapinda, pengine linazimika. Ndani ya uji mzito, linapanda likiwa limenyooka.

Kuna pia viongezo vya kuchelewesha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitumia fosfaiti, kemikali yenye fosforasi, kuizuia rezini isigande mapema, kisha wimbi likagandisha paneli ya nyuzi za kaboni kwa dakika chache.

Na mapovu, fundi, usiyapuuze. Baadhi ya peroksaidi, kemikali za kuanzisha mgando, hutoa gesi zikivunjika. Unyevu ndani ya udongo nao hugeuka mvuke, maana wimbi hupita nyuzi joto 100 za Selsiasi kwa urahisi. Kila povu ni tundu kwenye ubavu wa boti. Masika haya, kausha udongo wako kwanza, uufunike, ndipo upime.