Neno "msaidizi" linavyowaponza watu

Habari za jioni. Sogeeni mbele jamani, viti vya mbele haviumi. Walionialika wamenipa dakika arobaini nieleze namna ya kupata leseni ya msaidizi wa mtaalamu wa fiziotherapia hapa Marekani, yaani PTA. Wamenipa na karatasi yenye mambo saba ya kugusia. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua nitaishia mawili.

Nianze na hilo neno, msaidizi. Silipendi. Kila niliyemwona amepotea kwenye safari hii, nikifuatilia nakuta neno hilo lina mkono wake.

Kwenye kliniki utakuta watu wa aina tatu. Yupo mtaalamu mwenyewe, PT, ambaye siku hizi husoma hadi udaktari wa fani yake. Huyo ndiye anayemtathmini mgonjwa, anasema tatizo ni nini, anaandika mpango wa matibabu. Yupo PTA, aliyesoma shahada ya miaka miwili, akafanya mtihani wa taifa, na anatoa matibabu yenyewe kwa kufuata mpango ule, chini ya usimamizi wa PT. Halafu yupo mhudumu. Anatandika vitanda, anafuta vifaa, anamsukuma mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Ni kazi ya heshima, hata mimi nilianzia huko. Lakini mhudumu hana leseni, wala hakuna mtihani wa taifa unaomhusu. Sasa sisi tukija kwenye Kiswahili chetu, hao wawili wa mwisho wote tunawaita wasaidizi. Wauza kozi wanatusubiri hapo hapo.

Dada mmoja alinijia na bahasha ya kaki. Usiku alikuwa akihudumia wazee, asubuhi anakwenda darasani na usingizi wake kichwani. Akatoa cheti. Cheti kizuri kweli, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, hata mimi nilikipenda. Akaniambia, "Kaka, nimemaliza, nisaidie kujiandikisha mtihani." Nikamuuliza, chuo chako kimo kwenye orodha ya CAPTE? Akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba chuo kina ithibati, aliwauliza kabla hajalipa hata senti.

Na hawakumdanganya! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Chuo kilikuwa na ithibati, chuo kama chuo. Lakini leseni ya PTA haiangalii chuo, inaangalia programu. Programu yenyewe lazima iwe imeidhinishwa na CAPTE, tume inayoshughulikia elimu ya fiziotherapia peke yake. Chuo kinaweza kuwa na majengo ya vioo na ithibati ukutani, na programu yako isitambuliwe popote. Tukakisoma cheti pamoja. Chini ya ule muhuri, kwa herufi ndogo, kilikuwa cheti cha mhudumu. Hakusema kitu. Alikirudisha kwenye bahasha polepole, kama mtu anayefunika chakula ambacho mgeni hakuja kukila. Alianza upya, na hakuna hata somo moja alilohamishiwa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, si angesoma vizuri kabla ya kulipa? Bwana wee. Aliuliza. Aliuliza swali sahihi kwa lugha yake ya tatu, akajibiwa jibu la kweli ambalo silo. Kwa hiyo ulizeni hivi: programu hii ya PTA imeidhinishwa na CAPTE, ndiyo au hapana? Akianza kuzunguka, chukua koti lako. Akikwambia ni programu changa, bado iko kwenye hadhi ya kusubiri, jua kwamba ithibati isipopatikana mtihani utausikia kwa wenzako. Na usiishie hapo. Programu inatakiwa kutangaza ni wangapi wanahitimu na wangapi wanafaulu mtihani. CAPTE inadai angalau asilimia 85 ya wahitimu wawe wamefaulu hatimaye, wastani wa miaka miwili, na angalau asilimia 60 ya walioanza wahitimu. Anayekuficha namba hizo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

La pili, na hapa neno letu linaponza hata waliokwisha kupata leseni. Mtu akishaitwa msaidizi anadhani kazi yake ni kutii. Karatasi imesema kukunja goti mara kumi, anakunja mara kumi.

Nilikuwa na mzee aliyebadilishiwa goti, wiki ya pili tangu upasuaji. Mpango ulisema tumpandishe baiskeli ya mazoezi, kisha ngazi. Akakaa kitandani, nikaweka goniomita nipime goti linakunjika nyuzi ngapi, mkono wangu ukagusa shavu la mguu. La moto. Nikagusa la mguu wa pili, la kawaida. Nikapima kwa utepe, lile la moto limevimba. Mzee ananiambia ni mkazo tu wa jana, twende kwenye baiskeli, mwanawe anamsubiri nje. Sasa niambieni, msaidizi mtiifu afanye nini?

Huruhusiwi kumwambia mzee kwamba ana damu iliyoganda kwenye mshipa. Kutaja ugonjwa si kazi ya leseni yako. Kuubadilisha mpango nako si juu yako. Lakini kupima, kuona kwamba leo si kama jana, kusimamisha zoezi na kumwita PT saa ile ile, hiyo ni kazi yako, na ukiiacha utawajibika wewe. Donge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu, "nilifuata mpango" hakutakusaidia mbele ya bodi ya jimbo, ile inayotoa leseni. Nilimlaza, nikaita, hakupanda baiskeli siku ile, akapelekwa kupimwa. Mwanawe alinuna kidogo.

Nawaambia hili kwa sababu mtihani umejaa maswali ya namna hiyo. Watu wanakariri misuli yote kuanzia shingoni hadi kidole gumba, kisha wanaanguka kwenye "ufanye nini kwanza?" Majibu yote manne yanaonekana ya busara. Moja linakufanya PT, jingine linakufanya mhudumu, na mara nyingi mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila leseni huenda moja kwa moja kwenye hilo la mhudumu.

Naona naonyeshwa saa. Haya, mtihani wenyewe harakaharaka. Maswali 180 katika sehemu nne, saa nne. Maswali 40 hayahesabiwi, ila huyajui ni yapi, kwa hiyo usitafute. Alama huanzia 200 hadi 800, ya kufaulu ni 600. Unafanyika mara nne kwa mwaka. Waweza kuufanya mara tatu ndani ya miezi 12, na mara sita maisha yako yote, na ukipata 400 au chini yake mara mbili mlango umefungwa. Kwa hiyo acheni ule mtindo wa kwenda "kuuonja". Kabla yake kuna mafunzo kazini, kama wiki 16 za kutwa, na humo hulipwi. Wekeni akiba ya kodi ya nyumba mapema, watu wanaacha masomo hapo wala si kwenye anatomia. Jimbo nalo litachunguza rekodi yako, na baadhi yao yana mtihani wa sheria zao.

Mliosomea fiziotherapia nyumbani, ninyi njia yenu ni nyingine, vyeti hutathminiwa kwanza. Tuonane baadaye, msinikimbie.

Kuna aliyeniandikia kwamba kazi hii inakufa, kwa sababu tangu 2022 Medicare, bima ya afya ya serikali inayohudumia hasa wazee, inalipa asilimia 85 tu ya malipo ya kawaida pale PTA anapotoa huduma. Ni kweli inalipa hivyo, na mimi inanikera. Lakini wahitimu wa kwanza wa kazi hii walikuwa watu 15, mwaka 1969, kutoka vyuo viwili, cha Miami na cha Minneapolis. Leo tuko zaidi ya laki moja, na takwimu za serikali za 2023 zinaonyesha nusu yetu wanapata zaidi ya dola 64,000 kwa mwaka. Kama huku ndiko kufa, mimi sijambo.

Karatasi yenu bado ina mambo manne, nayaacha. Toeni simu. Kila aliyekwisha kulipa ada au kujaza fomu mahali popote, afungue tovuti ya CAPTE sasa hivi, aandike jina la chuo chake, atazame programu ya PTA. Sitajibu swali lolote mpaka mmalize. Mama pale nyuma, kama mtandao unasumbua, njoo utumie simu yangu.