Zaidi ya Nusu ya Siku

KAKA: Karibuni tena, tuko Arusha. Dada, leo naanza kwa uchokozi. Mimi nimekulia mji wa mikutano. Pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, nimeona watu wa kila fani, kitambulisho shingoni, begi la kitambaa mkononi. Ninyi wanasaikolojia mkikutana kimataifa, mnapata nini zaidi ya posho?

DADA: (anacheka) Posho yenyewe sijaiona, kaka yangu. Ngoja nikupe kisa, nimekibadilisha kidogo mwenyewe asijulikane. Kuna mama anauza ndizi soko la Kilombero. Nikamsomea PHQ-9, ile fomu ya maswali 9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Inauliza habari za wiki mbili zilizopita. Nikafika kwenye usingizi: umekuwa ukikosa usingizi? Jibu mojawapo limeandikwa "zaidi ya nusu ya siku". Akaniambia, "Mwanangu, mchana silali kabisa, niko sokoni."

KAKA: Subiri... nusu ya siku, yaani mpaka saa sita mchana!

DADA: Ndiyo hivyo. Kwa Kiingereza siku moja na siku nyingi zinatofautiana. Kwetu siku ni siku. Aliyetafsiri alikusudia siku 8 na kuendelea kati ya 14.

KAKA: Na jibu lina alama.

DADA: Hilo lina 2. Jumla ya juu kabisa ni 27, na wengi tunashtuka ikifika 10. Sasa sikia: mwenzangu wa Moshi alishairekebisha sentensi hiyo kitambo, kwenye fomu yake. Wa Mombasa naye karekebisha, kivyake. Watu watatu, Kiswahili kimoja, kazi ileile mara tatu! Hapo ndipo nataka chama chetu na cha Kenya vikae meza moja. Hata bila begi la kitambaa.

KAKA: Si upo umoja wa dunia wa saikolojia?

DADA: Upo, uliundwa Stockholm mwaka 1951, kila nchi ina uanachama mmoja. Ila kongamano la kwanza la kimataifa la saikolojia lilifanyika Paris mwaka 1889. Kutua Afrika, Cape Town, ni 2012.

KAKA: Miaka 123! Mtu anazaliwa, anazeeka, anazikwa, wageni hawajafika.

DADA: Nisiwaonee lakini. Mwaka 2008, Berlin, umoja huo ulipitisha tamko la maadili linalotaka kuheshimu utu wa watu pamoja na jamii zao, siyo mtu mmoja mmoja tu. Kanuni za kazi kila chama kinajiandikia. Mimi hapo kwenye jamii nilitabasamu. Huku mgonjwa anakuja na shangazi, na anayejibu maswali ni shangazi.

KAKA: (anacheka) Wangu yuko hivyohivyo. Ehe, na yule mama wa ndizi?

DADA: Nikaweka fomu kando. Nikamwuliza, "Tangu Jumatatu ya wiki juzi, umekesha mara ngapi?" Akahesabu vidole vya mikono yote miwili, vikamwishia. Akaongeza kimoja.

KAKA: Kumi na moja.

DADA: Na kwenye fomu nilishaandika sifuri.