Jinsi ya kuweka taimauti na kengele za muda kwenye seva yako, hatua kwa hatua

Karibuni. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Narekodi nikiwa Kigoma, chumba kidogo maeneo ya Mwanga, na mezani nina vitu vitatu: laptop, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayofanya kazi ya seva, na simu ya Android yenye laini ya kawaida. Seva hii inapokea uzito wa dagaa na migebuka kutoka kwa makarani wa mialo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki. Wako wa Kibirizi na Katonga hapa mjini, na wako wa kaskazini kule Mwamgongo na Kagunga. Mitumbwi ikirudi alfajiri karani anapima, anaandika kilo kwenye simu, seva inahifadhi. Malipo ya mvuvi yanatoka kwenye hesabu hiyo.

Asubuhi moja wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na uvuvi wa taa umepamba moto, seva iligoma. Haikuzimika. Umeme ulikuwepo na programu ilionekana iko hai, ila kila karani aliyejaribu kuingia alikataliwa. Kwenye kumbukumbu za seva ulijirudia ujumbe mmoja tu: faili zilizofunguliwa zimezidi kiwango. Makarani wangu hawafiki 40. Seva ilikuwa imeshikilia miunganisho zaidi ya 1000, na karibu yote ilikuwa ya simu ambazo upande wa pili hazikuwepo tena.

Twende tukaone ilitokeaje, halafu turekebishe pamoja.

Hatua ya kwanza, tuuone ugonjwa wenyewe. Fungua teminali kwenye seva, andika hivi:

ss -tno

Huo mstari unaouona hapo wenye neno ESTAB, yaani muunganisho uko wazi, ni simu yangu hii. Sasa naiweka simu kwenye hali ya ndege. Nimeweka. Rudia amri ileile. Umeona? Mstari uko palepale. Subiri dakika tano, subiri saa nzima, utaukuta.

Sababu yake ni hii. Muunganisho wa TCP, ule utaratibu ambao simu na seva zinautumia kuongea, hauna kamba iliyovutwa kati ya mashine mbili ambayo ikikatika utaisikia. Ni kumbukumbu iliyoandikwa huku, na nyingine iliyoandikwa kule. Kama hakuna anayetuma kitu, hakuna kinachopita hewani kabisa. Programu ikifungwa vizuri inaaga, inatuma pakiti ya kumaliza, na seva inafuta kumbukumbu yake. Lakini simu iliyoisha chaji, au boti iliyopita nyuma ya kilima mtandao ukapotea, haipati nafasi ya kuaga. Karani akipata mtandao tena anafungua muunganisho mpya, ule wa zamani unabaki. Kesho hivyohivyo. Kila muunganisho unakula nafasi moja ya faili, na kwenye Linux nyingi programu moja inaruhusiwa nafasi 1024 usipobadilisha mwenyewe. Zikijaa, mlango umefungwa.

Kuna mtu atasema, ongeza hiyo 1024 iwe 65,000. Usifanye hivyo kama dawa. Utakuwa umeahirisha siku ya kugoma, basi.

Mwingine atasema, mbona Linux yenyewe ina utaratibu wa kugundua waliokufa? Unao, unaitwa keepalive. Angalia mipangilio yake ya kuanzia: unangoja sekunde 7200 za kimya, ndipo unatuma pakiti ya kuuliza kama uko hai, kisha unarudia kila baada ya sekunde 75, mara 9. Piga hesabu: saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Na hata hivyo haufanyi kazi mpaka programu yako iuombe kwa kuwasha SO_KEEPALIVE kwenye soketi, yaani ncha ya muunganisho inayoshikwa na programu. Yangu haikuwahi kuuomba. Uwashe, ni ulinzi mzuri wa nyuma, lakini kazi kubwa tutaifanya ndani ya programu.

Hatua ya pili, vikomo vya kusubiri. Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona yako hapa.

Watu huweka taimauti moja, yaani kikomo kimoja cha kusubiri, tuseme sekunde 30, na kuona wamemaliza. Lakini seva inasubiri vitu vya aina tofauti. Inasubiri aliyeingia ajitambulishe. Inasubiri ujumbe ulioanza kuingia uishe. Inasubiri upande wa pili upokee jibu. Na inasubiri kimya kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Kujitambulisha nimeweka sekunde 10, maana simu inafanya hivyo yenyewe bila mtu kugusa. Ujumbe mzima sekunde 20. Kupokea jibu 15. Kimya nakipa dakika 3, na hicho tutakishughulikia hatua ya nne.

Kwa lugha ya Python toleo la 3.11 na kuendelea, ukitumia asyncio, maktaba yake ya kuhudumia miunganisho mingi kwa pamoja, unaandika hivi; mstari wa kwanza unangoja baiti ya kwanza, na huo ndio muda wa kimya:

kwanza = await msomaji.readexactly(1)
async with asyncio.timeout(20):
    mstari = kwanza + await msomaji.readline()

Angalia vizuri hizo sekunde 20 zinahesabu nini. Zinaanza baiti ya kwanza ikishafika, na zinahesabu mstari mzima mpaka mwisho. Ukitumia soketi za kawaida na settimeout(20), maana yake ni nyingine kabisa: kila unapoita recv, yaani kusoma kipande cha data, unapewa sekunde 20 mpya. Simu ikituma baiti moja, ikakaa sekunde 19, ikatuma nyingine, haivuki kikomo kamwe. Ujumbe wa baiti 200 unaweza kukaa zaidi ya saa nzima. Mwaka 2009 ilitolewa programu ya kushambulia seva za wavuti iitwayo Slowloris, na ilitumia mwanya huohuo: inafungua miunganisho mingi, inatuma vichwa vya ombi kidogokidogo, haimalizi. Laptop moja ilitosha kuinamisha seva. Sisi huku hatuhitaji hata adui. Mtandao hafifu wa mwambao wa ziwa unaleta tabia hiyohiyo. Kwa hiyo weka saa ya mwisho kwa kazi nzima, usiweke kwa kila kipande.

Hatua ya tatu, ni saa ipi unaisoma. Kompyuta ina saa mbili. Moja ni ya ukutani, inayojua tarehe na dakika. Nyingine inahesabu tu kwenda mbele tangu mashine iwashwe, hairudi nyuma wala hairuki. Kwenye Python ya kwanza ni time.time(), ya pili ni time.monotonic(). Kupima muda wa kusubiri tumia ya pili. Hili si pendekezo la mtindo.

Raspberry Pi hii ni ya toleo la nne, na toleo hilo halina saa yenye betri ndani. Umeme ukikatika saa nne usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri, mashine inaamka ikidhani bado ni saa nne usiku. Simu zinaanza kuingia. Baadaye mtandao ukikaa sawa, inauliza seva za muda, na saa ya ukutani inaruka saa saba mbele kwa mara moja. Kama umepima kimya kwa saa hiyo, programu inaona kila muunganisho umekaa kimya saa saba. Inawafukuza wote, katikati ya upimaji. Saa ikirudishwa nyuma ni kinyume chake: hakuna anayefukuzwa.

Na si mashine ndogo tu. Usiku wa kuamkia Julai 1, 2012 iliongezwa sekunde moja kwenye saa za dunia, kwetu ikiwa ni saa tisa usiku. Seva nyingi za Linux zikaanza kula prosesa kupita kiasi, kwa sababu vipima muda vya ndani ya mfumo vilivurugwa na marekebisho ya saa. Ukitumia asyncio uko salama, loop.time() inasoma ile inayokwenda mbele tu.

Hatua ya nne, kengele. Naita kengele kile kipima muda unachokipanga kiamke baadaye. Usitengeneze uzi (thread) mmoja wa kulala kwa kila muunganisho, utamaliza kumbukumbu ya mashine. Seva nzuri inaweka kengele zote kwenye lundo moja ambalo iliyo karibu kulia inakaa juu. Inatazama hiyo ya juu, inalala mpaka muda wake au mpaka data iingie, kipi kitangulie. Asyncio inafanya hivyo ndani yake kwa heapq. Kwa seva zenye kengele nyingi sana kuna njia ya gurudumu lenye vyumba vya muda, ambayo George Varghese na Tony Lauck waliieleza mwaka 1987. Wewe mwenye makarani 40 huihitaji.

Ninachotaka ukijue ni namna ya kupima kimya bila kuisumbua seva. Wengi, kila ujumbe ukiingia, wanafuta kengele ya zamani na kupanga mpya. Inafanya kazi, ila ni kufuta na kupanga mchana kutwa. Fanya hivi: ujumbe ukiingia andika tu muda uliofika. Kengele iache ilie, ikilia ndipo iangalie.

def kagua(self):
    kimya = self.loop.time() - self.mara_ya_mwisho
    if kimya >= 180:
        self.njia.abort()
    else:
        self.kengele = self.loop.call_later(180 - kimya, self.kagua)

Simamisha video uinakili. Hapo njia ni muunganisho wenyewe, ambao asyncio inauita transport. Nimetumia abort badala ya close kwa makusudi. Close inajaribu kwanza kumaliza kutuma data iliyobaki, na huyu tunayemfunga hayupo, kwa hiyo tungeanza kumsubiri upya. Kazi iliyokuwa inangoja kusoma kwa readexactly itaamka na hitilafu ya IncompleteReadError. Ikamate, ufute kengele kwa cancel, basi. Usisahau kuifuta. Na kama unaandika kwa C ukatunza kengele kwa namba ya soketi, jihadhari zaidi: namba ikifunguka mfumo unampa mgeni mwingine, na kengele ya marehemu inamkata aliye hai.

Upande wa simu, iwe inatuma neno fupi kila sekunde 60 hata kama hakuna cha kupima. Mitambo ya kampuni za simu nayo husahau miunganisho iliyokaa kimya, na neno hilo linaizuia isisahau. Neno hilo likikosekana mara tatu mfululizo, seva inamhesabu karani hayupo. Ndiyo maana ya dakika 3.

Hatua ya tano ndiyo iliyonikosesha usingizi. Karani wa Mwamgongo ametuma kilo 84. Simu yake imesubiri jibu sekunde 15, halijaja, taimauti. Je, seva ilipata? Huenda haikupata. Huenda ilipata na kuandika, jibu ndilo likapotea njiani. Simu haiwezi kujua. Taimauti haisemi kazi imeshindikana, inasema sijui. Programu yangu ya kwanza ilichukulia kuwa imeshindikana, ikatuma tena, na mvuvi akaandikiwa kilo 168. Siku ya malipo ilibidi nikae na watu wazima niwaeleze kwa nini daftari la karani na seva haviongei lugha moja. Sitaki yakupate.

Dawa yake: kila upimaji upewe namba ya pekee kwenye simu, kabla ya kutumwa, kwa uuid4, ambayo inatunga namba ndefu ya bahati nasibu. Ikituma tena inatumia namba ileile. Kwenye jedwali la seva safu ya namba hiyo iwe UNIQUE, yaani isiruhusu kujirudia, na seva ikiiona mara ya pili isiandike, ijibu tu kwamba nimeshapokea. Fanya hivi kabla hujaruhusu simu kujaribu tena peke yake.

Kisha mpangilio wa kujaribu tena. Umeme ukirudi mjini au mtandao ukifunguka, simu zote zinaingia sekunde ileile, zinakwama pamoja, zinasubiri sawa, zinarudi pamoja. Zitawanye:

subira = random.uniform(0, min(60, 2 ** jaribio))

Kikomo kinakua mara mbili kila jaribio mpaka 60, na kila simu inachagua muda wake kwa bahati nasibu.

Hatua ya sita ni fupi, kazi za ratiba. Kazi ya kila baada ya saa moja, panga inayofuata kwa kuongeza 3600 kwenye muda iliyopaswa kuanza, si kwenye muda iliyomaliza, la sivyo itachelewa kidogokidogo. Kazi ya saa maalumu, kama kutuma bei saa 12 asubuhi, hiyo sasa ndiyo inataka saa ya ukutani. Hakikisha mashine iko Africa/Dar_es_Salaam. Ikiwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na umeandika 0 6 * * * kwenye cron, ile programu ya Linux ya kazi za ratiba, bei zitatoka saa 3 asubuhi, dagaa wameshauzwa.

Haya, turudi kwenye jaribio letu la mwanzo. Seva inaendesha programu mpya. Simu imeingia, mstari wa ESTAB uleule unaonekana. Naiweka kwenye hali ya ndege, na naanza kuhesabu kwa saa ya mkononi. Dakika ya kwanza, mstari upo. Ya pili, upo. Ya tatu… tazama, ESTAB haipo tena. Sasa hesabu faili zilizofunguliwa, weka namba ya programu yako mahali nilipoandika PID:

ls /proc/PID/fd | wc -l

Hapa kwangu imerudi 9. Iandike kwenye karatasi, iache seva ifanye kazi giza lote la mwezi huu, halafu rudia amri hiyo asubuhi wakati mitumbwi imeshaingia na makarani wamefunga simu zao.